Ukumbi wa Mtaa wa Lynch

Kwetu ukitaja Frimasoni, mazungumzo hupinda mara moja: pete, utajiri wa ghafla, ndugu aliyetolewa kafara. Nami nilikulia katika simulizi hizo. Kwa hiyo nilishtuka niliposoma kwamba ofisi ya Medgar Evers, mtetezi wa haki za Weusi wa Mississippi, ilikuwa ndani ya jengo la Wamasoni.

Jengo hilo liko Jackson, katika Mtaa wa Lynch. (Jina la mtaa halitokani na wanyongaji. Ni la John Roy Lynch, aliyezaliwa mtumwa akaja kuwa mbunge wa Marekani miaka ya 1870.) Lilijengwa mwaka 1955 na Wamasoni Weusi, wale wanaofuata nyayo za Prince Hall wa Boston. Wamasoni weupe hawakutaka kukaa nao, basi wakawa na chama chao na kumbi zao.

Evers alikuwa katibu wa NAACP katika jimbo hilo. Aliwahimiza Weusi wajiandikishe kupiga kura, akafuatilia mauaji ambayo polisi hawakuwa na haja nayo. Mpangaji wa namna hiyo angefukuzwa na mwenye nyumba mzungu kabla mwezi haujaisha. Lakini hapa mwenye nyumba alikuwa chama cha Weusi wenzake. Mambo ya aproni na viapo sina la kusema. Kwangu mimi, siri kubwa ya Wamasoni wale ilikuwa hati ya nyumba.

Usiku wa kuamkia Juni 12, 1963, Evers alipigwa risasi mbele ya nyumba yake. Tarehe 15 maelfu walikusanyika kwenye ukumbi ule ule kumuaga, katika joto kali, kisha wakaandamana kwa miguu kuusindikiza mwili.

Kuna picha ya mazishi iliyotoka kwenye jalada la gazeti la Life. Mjane, Myrlie, anambembeleza mwanawe anayelia. Mtoto huyo aliitwa Darrell Kenyatta. Alizaliwa mwaka 1953, Waingereza wakiwa wamemfunga Jomo Kenyatta, na baba yake akampa jina la mfungwa. Siku 11 kabla ya baba kuuawa, mfungwa yule alikuwa ameapishwa kuwa Waziri Mkuu wa Kenya.