Anayemdai Marehemu

Baba yangu mdogo alishona nguo mjini Korogwe kwa zaidi ya miaka thelathini, kwenye kibaraza cha duka lisilokuwa lake. Siku ya mazishi, kabla jeneza halijatoka nyumbani, mpwa wake alisoma wasifu: mwaka wa kuzaliwa, shule ya msingi, ndoa, watoto watano, maradhi, tarehe ya kufariki. Kuhusu kazi palikuwa na sentensi moja tu, kwamba marehemu alijishughulisha na shughuli binafsi. Iliniuma. Nilitazama uani nikaona mashati yake, makanzu yake, magauni yake, yamevaliwa na watu waliokuja kumzika.

Wasifu wa misibani kwetu umefuata mtindo wa jalada la ofisini. Una elimu, ajira, vyeo, kustaafu. Mwalimu au karani wa reli anaenea humo bila taabu. Fundi cherehani, mvuvi wa ngalawa na muuza kahawa hawana pa kuingia, kwa sababu hakuna aliyewaandikia barua ya ajira wala ya kuwapandisha cheo. Tunawasoma haraka haraka, kisha tunaanza kutaja wajukuu.

Magazeti ya miji midogo ya Marekani yana desturi iliyo karibu na hii. Mara nyingi familia huandika tanzia yenyewe na kuilipia. Hutajwa waliomtangulia marehemu na aliowaacha, mmoja mmoja kwa jina, na miaka aliyofanya kazi kiwandani au shambani. Halafu huja jambo dogo la mapenzi: alipenda kuvua samaki, au hakukosa mechi hata moja ya mjukuu wake. Hilo jambo dogo nalionea wivu, maana linamrudisha mtu mzima mbele ya macho. Hata hivyo, anayezungumza ni familia peke yake. Jirani aliyetengenezewa paa na marehemu husoma gazeti, kisha hulikunja.

Waga wa Ghana wamekwenda mbali zaidi. Teshie, kando ya Accra, maseremala huchonga majeneza yenye umbo la kazi au hadhi ya marehemu: samaki au mtumbwi kwa mvuvi, tunda la kakao kwa mkulima. Kwa lugha yao huitwa abebuu adekai, masanduku ya mithali. Seremala aliyeyavumisha, Kane Kwei, kazi zake zilifika kwenye maonyesho makubwa ya sanaa Paris mwaka 1989. Mimi sivutiwi sana na Paris. Kinachonigusa ni kwamba mtu anabebwa mbele ya mji mzima ndani ya kazi yake, na hata mtoto asiyejua kusoma anajua nani anapita. Fundi wa Teshie angeweza kuzikwa ndani ya cherehani. Tatizo ni kwamba jeneza la namna hiyo lina gharama, na linaingia kaburini siku hiyo hiyo.

Sisi tunalo la kwetu, na wala hatulihesabu kuwa ni kumbukumbu. Kabla ya maiti kusaliwa, baba alisimama mbele ya safu akasema: "Ndugu zangu, kama yupo anayemdai marehemu, aje kwangu. Na anayeweza kusamehe, tunamwomba asamehe." Asili yake ni ya zamani. Imepokewa kwamba Mtume aliletewa maiti mwenye deni, hakumsalia mpaka Abu Qatada alipolibeba deni hilo. Uturuki imamu huwauliza waliohudhuria walimjua vipi marehemu, nao hujibu kwamba walimjua kwa wema, kisha imamu huwaomba wamhalalishie haki zao. Hapa watu wa nje ya familia wanapewa kauli. Wasifu hauwapi, gazeti haliwapi.

Nao wakaja. Siku ya pili alifika mzee mmoja kutoka sokoni, si kudai bali kulipa: alikuwa amebakiza pesa ya suruali tangu Ramadhani. Mama mmoja akaja kuulizia kitenge chake kilichokwisha kukatwa, harusi ya mwanawe ikiwa imekaribia. Ikabidi tufungue meza ya cherehani kutafuta daftari.

Lilikuwa daftari la shule, jalada limelegea, kurasa zina vumbi la chaki. Kila jina lina bega, kifua, kiuno, urefu. Mteja mmoja nilimfuata ukurasa kwa ukurasa, kila Januari shule zinapofunguliwa: kiuno inchi 20, kisha 21, kisha 23. Pembeni ya jina lake, kila mwaka, kwa kalamu ile ile ya risasi: "acha pindo." Baba mdogo alijua mtoto atarefuka kabla mzazi hajapata pesa ya sare nyingine, akakunjia kitambaa cha ziada ndani. Neno hilo niliandike wapi katika wasifu wa shughuli binafsi?

Kitenge tulikikuta kimefungwa kwa utepe, jina la mwenyewe limebanwa kwa pini. Mwanafunzi wake wa ufundi alikaa kibarazani siku tulipoanua tanga, akavuta kiti, akaanza na mikono ya gauni.