Fundi wa viungo bandia: Kazi isiyokoma maabarani

MKAZI wa Kaloleni, mjini Kisumu, aliyekatwa mguu kwa sababu ya ajali ya bodaboda au maradhi ya kisukari huhitaji zaidi ya mguu wa bandia. Huhitaji hakikisho kwamba hautavunjika akivuka barabara, wala kumchubua hata autundike ukutani. Hakikisho hilo hutokana na mtu asiyemjua: fundi wa maabara ya utafiti wa utengamao, yaani taaluma ya kumrejeshea mtu uwezo wa kutembea, kushika na kujitegemea.

Katika maabara ya chuo kikuu, mtafiti huuliza swali. Fundi ndiye huunda kifaa cha majaribio, huendesha mashine, hupima na kuweka kumbukumbu.

MGUU HUUNDWAJE?

Kwanza kigutu hufungwa bendeji ya plasta ili kupata kalibu ya umbo lake. Kalibu hiyo hujazwa plasta, kisha fundi huchonga umbo linalopatikana: hupunguza mahali panapoweza kuhimili uzito na kuongeza pale mfupa ulipokaribia ngozi. Bamba la plastiki ya polipropilini hupashwa joto la takriban nyuzi 180, likafunikwa juu ya umbo hilo na hewa ikanyonywa ili lishikane nalo. Kosa la milimita chache huzaa kidonda, na kwa mwenye kisukari kidonda chaweza kusababisha kukatwa tena.

HUPIMWAJE?

Kwa kipimo cha kimataifa cha ISO 10328, mashine huubebesha mguu mzigo mara milioni 3. Ikiwa ni mara moja kwa sekunde, jaribio huchukua takriban siku 35, usiku na mchana. Fundi hukagua nyufa na kuandika kila hitilafu, hata isiyomfurahisha mtafiti. Akificha tarakimu moja, atakayeanguka si yeye.

Hata hivyo, mashine haijui ufuo wa Ziwa Victoria. Haijui tope la masika, mchanga, jua kali wala maji yanayomfika magotini mchuuzi anayesubiri samaki. Kwa hivyo, daftari la matengenezo lina thamani sawa na jaribio lenyewe: ni sehemu gani ililegea, baada ya miezi mingapi, na mvaaji hufanya kazi gani.

MAFUNZO NA HAKI

Nchini Kenya, chuo cha mafunzo ya matibabu cha KMTC hufundisha taaluma ya viungo bandia. Mjini Moshi, Tanzania, chuo cha TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981, kimewafunza mafundi kutoka mataifa mengi ya Afrika. Chama cha walemavu cha APDK, kilichoasisiwa mwaka 1958, nacho kina tawi Kisumu.

Ripoti ya mwaka 2022 ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF ilikadiria kuwa watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji vifaa saidizi, na karibu bilioni moja hawavipati. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inamtambulia mlemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Lakini haki iliyoandikwa haitembei yenyewe. Hutembea pale fundi anapofunga skrubu ya mwisho, akampa mvaaji mkono, akamwambia, “Haya, piga hatua,” kisha akanyamaza amsikilize anakoumia.