Anayehojiwa Dodoma siye mwenye ufunguo wa kasha

Kila Aprili, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zikishatua mezani Bungeni, magazeti hupata vichwa vya habari vya wiki mbili bila kutoa jasho: makusanyo ya mashine za POS hayakufika benki, zahanati imeishia kwenye linta, mkandarasi kalipwa kwa kazi isiyoonekana. Baadaye wakurugenzi wa halmashauri huitwa na mafaili yao, mweka hazina pembeni na mhandisi nyuma, wajibu mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, ambayo wengi huijua kwa kifupi chake, LAAC. Wabunge hubana, kamera hunasa, na mwananchi anayetazama taarifa ya habari ya saa mbili usiku hulala akiamini mwizi kapatikana. Ukali huo una haki yake. Lakini ukiifuata historia ya fedha za halmashauri tangu 1972, unaona kwamba karibu kila uamuzi mkubwa uliozifikisha hapa ulipita juu ya kichwa cha mkurugenzi, ilhali kamati imeelekezewa yeye. Tunamhoji mtunza daftari tukidhani tunamhoji mwenye kasha.

Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa, na za miji zikafuata mwaka mmoja baadaye, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani ambao serikali iliusuka kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. Jina lilikuwa tamu kuliko jambo lenyewe. Madaraka yaliyokwenda mikoani yalikuwa ya watumishi wa serikali kuu. Diwani alibaki na jina tu. Huduma za miji ziliporomoka, kipindupindu kikaingia mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikaanza kurudishwa. Mwaka 1982 zikatungwa sheria tatu, Na. 7 ya wilaya, Na. 8 ya miji na Na. 9 ya fedha, na 1984 mfumo mzima ukaanza upya ukiwa na ngao ya ibara za 145 na 146 za Katiba. Mwalimu Nyerere alikiri mwaka huohuo kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Hesabu ya kosa hilo, hata hivyo, haikufungwa pale. Kwa miaka 12 mapato, watumishi na mazoea ya kupanga yalikuwa yamekwishahamia juu, na sheria za 1982 ziliwarudishia madiwani vikao kwa haraka kuliko zilivyowarudishia fedha.

Miaka ya mageuzi iliyofuata inajulikana, na sera ya ugatuaji ya 1998 imeshaandikwa vya kutosha. Lililo zito zaidi ni la 2003, kodi ya maendeleo, ile ambayo mitaani iliitwa kodi ya kichwa, ilipofutwa pamoja na ushuru mwingi mdogo mdogo. Hakuna aliyeililia, na kwa sababu nzuri: kwa wengi kodi hiyo ilimaanisha mgambo. Serikali kuu iliahidi fidia kwa ruzuku, na kuanzia 2004/05 ruzuku za elimu na afya zikawekewa kanuni ya mgawo inayotazama idadi ya watu na mahitaji ya eneo. Kwenye karatasi ilikuwa haki. Ila sehemu kubwa ya ruzuku hiyo ni mishahara, na ajira na mishahara huamuliwa serikali kuu. Mkurugenzi hupokea orodha. Kisha mwaka 2016 kodi ya majengo ikakabidhiwa Mamlaka ya Mapato (TRA), 2017 kodi ya mabango ikafuata, na mwaka huohuo ushuru wa mazao ukashushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Mkulima alipumua, na sidhani kuna wa kumnyima pumzi hiyo. Lakini angalia kalenda. Madiwani hupitisha makisio yao miezi kadhaa kabla ya Juni. Sheria ya Fedha hupitishwa Juni. Bunge lilelile lililoondoa chanzo cha mapato kwa kura zake ndilo ambalo kamati yake hurudi kuuliza kwa nini lengo la makusanyo halikufikiwa.

Kamati yenyewe imepata viongozi wenye sauti. Kwa utaratibu wa Bunge wakati huo mwenyekiti alitoka upinzani, na ndivyo Dk. Willibrod Slaa alivyoishika kabla ya uchaguzi wa 2010. Baada yake akaja Augustino Mrema wa Vunjo, yule ambaye alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani nchi nzima ilimjua kwa kutoa amri za siku saba. Katika kipindi chake ndipo ulipotokea mtikisiko ambao wapenzi wa usimamizi wa Bunge bado wanausimulia kwa fahari, ule wa Aprili 2012. Kamati tatu za hesabu zilifika ukumbini zikiwa zimebeba ripoti za CAG Ludovick Utouh: Mrema kwa serikali za mitaa, John Cheyo kwa serikali kuu, Zitto Kabwe kwa mashirika ya umma. Mjadala ulivuka mipaka ya vyama. Wabunge wa CCM walisimama kuwataka mawaziri wa serikali yao wajiuzulu, na Zitto akaanza kukusanya saini za hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Zilihitajika saini za asilimia 20 ya wabunge wote, takriban 70, naye akatangaza kuzipata. Miongoni mwa waliotia saini alikuwamo Deo Filikunjombe wa Ludewa, mbunge wa chama tawala. Spika Anne Makinda akashika Katiba mkononi: hoja ya namna hiyo hutaka taarifa ya siku 14, na mkutano ulikuwa unaisha. Hoja ikafia mlangoni, lakini mnamo Mei 4 Rais Jakaya Kikwete alitangaza baraza jipya, na mawaziri sita hawakuwamo.

Huwa tunausimulia ushindi huo bila kusoma orodha. Waliotoka walikuwa wa Fedha, Nishati na Madini, Maliasili na Utalii, Uchukuzi, Viwanda na Biashara, na Afya. Waziri wa TAMISEMI, wizara yenye dhamana ya serikali za mitaa, George Mkuchika, alihamishiwa Utawala Bora, na Hawa Ghasia akachukua nafasi yake. Sisemi kwamba Mkuchika alistahili kung'oka. Hilo si la makala haya. Nasema kwamba hata siku ambayo Bunge lilikuwa na nguvu kuliko wakati wowote katika kumbukumbu ya karibuni, madai kuhusu fedha za halmashauri hayakupata mtu wa kuyajibu kwa kiti chake ngazi ya taifa. Hayakupata kwa sababu taratibu za kamati hushuka: mwenye kujibu ni Afisa Masuuli wa halmashauri, yaani mkurugenzi, na maazimio mengi huishia kwake na kwa watu walio chini yake.

Kuna watakaosema natafutia wezi kivuli. POS hazifichwi na Hazina; mtendaji wa kata anayekaa na makusanyo wiki tatu hajaagizwa na waziri, na wala mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyolazimika kusimamishwa Aprili 2023, haikuharibikia Dodoma peke yake. Ni kweli, na kwa mambo hayo mkurugenzi abanwe mpaka jasho limtoke. Ila hoja za ukaguzi si za aina moja. Ipo hoja ya fedha iliyoingia ikapotea, na ipo hoja ya fedha iliyoidhinishwa isitolewe, au iliyotolewa Juni wakati mwaka unafungwa. Ya kwanza mkurugenzi anaijibu. Ya pili anaieleza tu, na kueleza si kujibu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: LAAC ni kamati ya hesabu, na mipango na bajeti zina wenyewe, yaani kamati inayosimamia TAMISEMI na Kamati ya Bajeti. Mgawanyo huo una mantiki ya kitaalamu. Udhaifu wake ni kwamba kila kamati inaona kipande cha ng'ombe. Inayopitia makisio haimwoni aliyeshindwa kuyatekeleza mwaka juzi, na inayomwona haina kauli juu ya makisio yajayo. Kumweka ofisa wa Hazina meza moja na mkurugenzi, kila hoja ya fedha isiyotolewa inapofikiwa, hakuhitaji sheria mpya. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge mamlaka ya kutosha ya kuisimamia Serikali.

Miaka ya karibuni haijasaidia. Aprili 2, 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na CAG Profesa Mussa Assad kwa sababu ya neno "udhaifu" alilolielekezea Bunge, na kamati za hesabu zinazoishi kwa ripoti zake zikaingizwa katika ugomvi usio wao. Aliondoka ofisini Novemba mwaka huo. Mahakama Kuu ilikuja kusema Desemba 2022 kwamba kuondolewa kwake kulikiuka Katiba. Kamati ilirudi kazini, na halmashauri inazozitazama sasa ni 184. Novemba 2023 Halima Mdee, mwenyekiti wake wakati huo, alisoma ukumbini taarifa inayotokana na hesabu za mwaka ulioishia Juni 2022. Ni miezi 17. Katika muda huo mkurugenzi anaweza kuwa amekwishahamishiwa wilaya nyingine, na anayeketi kwenye kiti cha kuhojiwa akawa anafungua mafaili ya mtangulizi wake.