Gurihiru: Wajapani wawili wanaowachora mashujaa wa Marekani

Gurihiru ni jina la kazi la wachoraji wawili wanawake wa Kijapani, Chifuyu Sasaki na Naoko Kawano. Wakiwa Japani, wamejipatia sifa kwa kuchora vitabu vya katuni vya makampuni ya Marekani, yakiwemo Marvel na DC.

Mgawanyo wa kazi

Sasaki huchora, Kawano hutia rangi. Katuni za Kijapani aghalabu huchapishwa kwa rangi nyeusi na nyeupe na husomwa kutoka kulia. Za Kimarekani huwa za rangi na huanzia kushoto. Wawili hao wameunganisha mapokeo yote mawili: mistari laini, nyuso changamfu na rangi angavu.

Mwaka 2012 walianza kuchora mfululizo wa vitabu vya Avatar: The Last Airbender, vilivyoandikwa na Gene Luen Yang, Mmarekani mwenye asili ya China. Mwaka 2016 walishiriki kuchora hadithi za Gwenpool za kampuni ya Marvel.

Superman dhidi ya chuki

Kazi yao mashuhuri zaidi na Yang ni Superman Smashes the Klan, iliyotoka kati ya 2019 na 2020. Chimbuko lake ni mchezo wa redio wa mwaka 1946, ambamo Superman alipambana na genge lililofanana na Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi wa rangi. Mwaka 2021 kitabu hicho kilipata tuzo mbili za Eisner, ambazo ni miongoni mwa tuzo kuu za katuni nchini Marekani.

Kitabu kinasimulia habari za familia ya Kichina inayohamia mtaa mpya na kushambuliwa na wabaguzi. Baba anamhimiza mkewe aseme Kiingereza. Binti yao, Roberta, anajihisi mgeni. Superman naye, mzaliwa wa sayari nyingine, anaficha asili yake kwa kuhofia kuogopwa. Kwa hiyo hukimbia na kuruka juu kama mwanariadha, bila kupaa. Anapoikubali asili yake, ndipo nguvu zake zinapokamilika.

Maana yake kwa Waswahili

Suala hilo si geni Oman. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, familia nyingi zenye asili ya Oman zilitoka Afrika Mashariki na kurejea katika nchi ya wazee wao. Wengi walikijua Kiswahili kuliko Kiarabu. Unguja waliitwa Waarabu. Oman waliitwa Wazanzibari.

Msomaji wa Al-Kamil na Al-Wafi, katika Sharqiya, ambaye bibi yake alipunguza sauti ya Kiswahili chake mbele ya majirani, hahitaji kuelezwa kwa nini Roberta ananyamaza.