Uchache wa wauguzi wodini unavyohatarisha maisha ya wagonjwa

IDADI ya wagonjwa wanaohudumiwa na muuguzi mmoja katika zamu ni miongoni mwa mambo yanayochangia kuamua iwapo mgonjwa atatoka hospitalini akiwa mzima.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 na Profesa Linda Aiken wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, pamoja na wenzake, ulichunguza zaidi ya wagonjwa 232,000 wa upasuaji katika hospitali 168 za jimbo hilo. Ulibaini kuwa kwa kila mgonjwa mmoja aliyeongezeka kwa muuguzi, uwezekano wa kufariki dunia ndani ya siku 30 tangu kulazwa ulikuwa juu kwa asilimia 7.

Matokeo kama hayo yalipatikana mwaka 2014 katika hospitali 300 za nchi tisa za Ulaya.

Sababu si ngumu kuieleza. Daktari hupita wodini na kuondoka, lakini wauguzi hupokezana zamu usiku na mchana. Wao ndio wanaopima joto, mapigo ya moyo, shinikizo la damu na kasi ya kupumua. Dalili ndogo, kama vile kuhema haraka au kuchanganyikiwa, mara nyingi huonekana saa kadhaa kabla ya hali kuwa mbaya. Muuguzi mwenye nafasi huziona na kumwita daktari mapema. Aliyelemewa huenda akafika wakati umekwishapita.

Usalama wa mgonjwa nao umo mikononi mwa muuguzi. Hana budi kuhakikisha kuwa dawa, kipimo, saa na njia ya kuitoa ni sahihi, na kwamba anayepewa ndiye aliyeandikiwa. Hutakiwa kunawa mikono kabla na baada ya kumgusa kila mgonjwa ili kuzuia maambukizi. Aidha, humgeuza asiyejiweza kila baada ya muda, asipate vidonda vya kulala. Kazi zinapozidi, baadhi ya huduma hizi hucheleweshwa au huachwa kabisa.

Kuhusu kuridhika, utafiti wa mwaka 2012 uliohusisha Marekani na nchi 12 za Ulaya ulionyesha kuwa wagonjwa walisifu zaidi hospitali ambazo wauguzi wake walikuwa na mazingira bora ya kazi.

Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 1999 ya kuweka ukomo wa wagonjwa kwa kila muuguzi, ikaanza kutekelezwa mwaka 2004. Tangu mwaka 2005, katika wodi za kawaida za watu wazima, ukomo huo ni wagonjwa watano.

Hata hivyo, dunia bado ina upungufu. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2023 walipungua wauguzi milioni 5.8, na Afrika ni miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi. Katika hospitali nyingi za umma Afrika Mashariki, ndugu huziba pengo hilo kwa kumlisha na kumwogesha mgonjwa. Msaada huo ni mkubwa, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya jicho la mtaalamu.

Anayemuuguza ndugu yake anashauriwa kumweleza muuguzi dawa zinazomdhuru mgonjwa, kuuliza kila dawa ni ya nini, na kutoa taarifa mara moja anapoona mabadiliko yoyote.