Hukumu ya Nguo za Rangi kwa Mwanamke wa Kiislamu

SWALI:

Kijana wetu ameoa Newala. Mkewe anaswali na anajisitiri, lakini hutoka kwa doti za kanga nyekundu na manjano. Wazee hapa Unguja wanataka avae buibui jeusi, wanasema rangi ni dalili ya dini dhaifu. Ni sawa?

JIBU:

Sifa zote njema Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na swalah na salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam).

Asili ya mavazi ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Suratul-A'raaf, Aya ya 32, inawakemea wanaoharamisha pambo ambalo Allaah Amewatolea waja Wake. Hakuna Aya wala Hadiyth Swahiyh inayomwajibisha mwanamke rangi moja.

Dalili za rangi ni hizi:

1. Al-Bukhaariy amepokea kuwa mwanamke aliyeachwa na Rifaa'ah alikwenda kwa 'Aaishah (Radhwiya Allaahu 'anhaa) akiwa na shungi la kijani, wala rangi hiyo haikukemewa.

2. Katika Abu Daawuud, Ummu Salamah (Radhwiya Allaahu 'anhaa) amewaeleza wanawake wa Answaar wakiwa katika nguo nyeusi. Basi nyeusi ni njema, lakini si sharti.

3. Wanaume ndio waliokatazwa nguo iliyotiwa zaafarani. Kuhusu nyekundu tupu kwao, wanazuoni wamekhitilafiana.

Yaliyo sharti kwa mwanamke ni nguo imsitiri, isiangaze, isibane mwili, isifanane na ya kiume, wala isiwe ya kutafuta umaarufu. Hapa ndipo kanga ikaguliwe. Iinue kwenye mwanga: ukiona mkono wako upande wa pili, haitoshi peke yake kwa Swalah wala kwa kutokea, avae gauni zito ndani. Asome pia jina la kanga, maana lipo jina la kumpiga jirani kijembe, na hilo ni ugomvi uliovaliwa.

Ama rangi yenyewe kuwa pambo la kuvuta macho, hilo hurudi kwenye 'urf, yaani ada ya mahali. Newala juu ya uwanda wa Makonde, na Masasi chini yake upande wa magharibi, kanga na kitenge cha rangi ni vazi la sokoni, msibani na shambani kwenye mikorosho. Pesa za korosho zikiingia, doti mpya huwa zawadi ya mke na mama. Anayevaa hivyo huko hajitofautishi na wenzake. Lakini nguo ya kumetameta ya harusini, hata ikiwa nyeusi, si ya kuendea sokoni.

Wazee wetu wakumbuke pia historia. Katika karne ya 19 Wayao, Wamakua na Wamakonde wengi waliletwa Unguja utumwani, na vazi la mtumwa lilikuwa merikani duni au kaniki, nguo ya weusi. Mwaka 1876 wamisionari wa Kiingereza walichukua kundi la walioachwa huru kutoka Unguja, wakalipeleka kukaa Masasi. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, wanawake wengi waliiacha kaniki wakavaa kanga za rangi, na baadaye buibui. Kwa hiyo kanga na buibui vyote viwili vilikuwa vazi la heshima ya mtu huru. Kumwambia binti wa kusini kwamba rangi yake ni upungufu ni neno zito kuliko linavyosikika.

Nasaha yetu: mume akipenda mkewe avae buibui wanapokuwa Unguja, amnunulie na azungumze naye kwa wema, na mke akubali, kwani ada ya hapa nayo ina haki yake. Lakini kumhukumu dini yake kwa rangi ya nguo ni dhana mbaya, na Suratul-Hujuraat, Aya ya 12, imetuonya nayo. Mama mkwe aanze kwa kumuuliza mkaza mwana kuhusu Swalah na Qur-aan, na huenda akakuta yeye ndiye wa kufundishwa.

Na Allaah Anajua zaidi.