Kingamwili Nururifu

Kingamwili ni protini ambazo mwili hutengeneza ili kukamata vitu vigeni, na kila aina hunasa shabaha yake tu. Mwaka 1975, huko Cambridge, Georges Köhler na César Milstein walipata njia ya kuzalisha maabarani kingamwili za aina moja, zote zikilenga mahali pamoja. Ukiifunga kingamwili ya namna hiyo na atomu inayotoa mionzi, umepata kingamwili nururifu.

Ni rahisi kushawishika kusema "kingamwili iliyopigwa mionzi". Tuliepuke jina hilo. Mgonjwa akisema amepigwa mionzi, ana maana alilala kwenye mashine, ikawashwa, ikazimwa, basi. Hapa chanzo chenyewe cha mionzi kimo ndani ya dawa, kinasafiri na damu. Ndiyo maana nashikilia "nururifu": kitu kinachotoa mionzi chenyewe.

Katika saratani ya tezi dume shabaha ni PSMA, protini iliyojengeka kwenye utando wa seli, ambayo huongezeka sana saratani inapokuwa kali. Isichanganywe na PSA, ile inayopimwa kwenye damu. Mwaka 1996 Marekani iliidhinisha ProstaScint, kingamwili iliyobeba indi-111 ili kuonyesha saratani ilikosambaa. Picha zake hazikuridhisha, na sababu inafundisha: kingamwili ile ilinasa sehemu ya PSMA iliyo ndani ya seli. Seli iliyo hai imejifunga. Protini kubwa kama ile haipenyi. Kwa hiyo iliyanasa zaidi mabaki ya seli zilizokufa au zinazokufa, ilhali zenye kumdhuru mgonjwa ni zile nzima.

Neil Bander na wenzake, New York, wakaunda J591, inayonasa sehemu ya nje. Ikibebeshwa zirkoni-89, saratani huonekana kwenye kipimo cha PET. Ikibebeshwa luteti-177, chembe za beta huziua seli zilizo karibu, kwa umbali usiozidi milimita chache. Mbebaji ni yuleyule. Kinachobadilika ni mzigo.

Lakini kingamwili ni kubwa, na huzunguka kwenye damu kwa siku kadhaa. Muda huo wote uboho wa mifupa unapata mionzi, na chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, hupungua. Hicho ndicho kikwazo kikubwa cha kuongeza dozi. Molekuli ndogo, kama PSMA-617, hutoka mwilini haraka kupitia figo; ile iliyobeba luteti-177 iliidhinishwa Marekani mwaka 2022. Hiyo si kingamwili, hata kama shabaha ni ileile, na kuiita kingamwili nururifu ni kosa. Iitwe dawa nururifu. Yenyewe nayo huingia kwenye tezi za mate na kumkausha mgonjwa kinywa, jambo ambalo kingamwili, kwa ukubwa wake, hulifanya kwa kiasi kidogo zaidi. Hii ni sababu mojawapo ya watafiti kuirudia J591, sasa ikiwa imebeba aktini-225, ambayo chembe zake za alfa huenda umbali mfupi zaidi na kupiga kwa nguvu zaidi.